Sanamu za Wanyama na Makaburi ya Wafugaji wa Kale: Urithi wa Kutunzwa Kuanzia Turkana hadi Ngorongoro

Na Mwandishi Wetu, Endulen

Katika nyanda za malisho za Tarafa ya Ngorongoro mkoani Arusha, rundo la mawe lililomezwa na nyasi linaweza kuwa alama ya mahali ambapo mtu alilazwa na ndugu zake zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Linaweza pia kuwa kaburi la mzee aliyefariki karne moja iliyopita, au mawe yaliyokusanywa na wachungaji kwa shughuli zao. Kwa macho matupu tofauti hiyo haionekani kwa urahisi, na hapo ndipo penye hatari. Mawe yakishabebwa kwenda kujengea msingi wa nyumba, na kilichokuwa chini yake kikishatawanyika, hakuna mtaalamu awezaye kurudisha taarifa iliyopotea.

Makala hii inaeleza historia ya makaburi ya wafugaji wa kale wa Afrika Mashariki, vitu walivyozikwa navyo, zikiwemo sanamu ndogo za wanyama, na thamani ya vitu hivyo vinapohifadhiwa katika makumbusho. Aidha, inaeleza wajibu wa mwananchi anapokutana na mabaki ya namna hiyo katika shamba, malisho au eneo la ujenzi.

Endulen na majirani wake wa kale

Kata ya Endulen ipo katika Wilaya ya Ngorongoro, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, upande wa kusini-magharibi mwa Kreta. Jina lake limezoeleka zaidi masikioni mwa wengi kwa sababu ya jirani yake, Laetoli, ambako mwaka 1978 timu iliyoongozwa na Dkt. Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.66 iliyopita. Kiasi cha kilomita 45 kaskazini mwa Laetoli lipo Bonde la Oldupai, ambako mwaka 1959 lilipatikana fuvu maarufu la Zinjanthropus.

Umaarufu wa maeneo hayo mawili ni fahari ya Taifa. Hata hivyo, umewafanya wengi waamini kuwa historia ya Ngorongoro ni ya mamilioni ya miaka tu, kana kwamba kati ya zama za Laetoli na zama zetu hapakuwa na watu. Ukweli ni kwamba eneo hili lina historia nyingine iliyo karibu zaidi nasi: historia ya wafugaji wa kwanza waliofika kaskazini mwa Tanzania wakiwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Watu hao hawakuacha maandishi. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu yao yametoka katika makazi yao na katika makaburi yao.

Mwaka 1979 Ngorongoro iliandikishwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwa sifa zake za asili. Mwaka 2010 orodha hiyo ilipanuliwa ili kutambua pia sifa zake za kiutamaduni. Kwa hiyo, wajibu wa kulinda faru na nyumbu katika eneo hili unakwenda sambamba na wajibu wa kulinda alama zilizoachwa na binadamu.

Vilima vya makaburi ndani ya Kreta

Taarifa za kitaalamu kuhusu makaburi ya kale ndani ya Kreta ya Ngorongoro zilianza kukusanywa mapema katika karne ya 20, zama za utawala wa Kijerumani. Wakati huo walowezi wa familia ya Siedentopf walikuwa na mashamba ndani ya Kreta, na marundo ya mawe yaliyokuwa jirani yaliwavutia wageni waliopita hapo. Miongoni mwao alikuwa Hans Reck, mtaalamu wa jiolojia aliyefanya utafiti Oldupai mwaka 1913.

Mwaka 1941 Dkt. Mary Leakey alifukua baadhi ya vilima hivyo kwa utaratibu wa kisayansi, na matokeo ya kazi yake yalichapishwa mwaka 1966 katika jarida la Tanzania Notes and Records. Miaka miwili baadaye jarida hilo hilo lilichapisha taarifa ya Hamo Sassoon, aliyekuwa mtaalamu wa Serikali wa mambo ya kale, kuhusu kilima kingine alichokichunguza ndani ya Kreta.

Ufukuaji huo ulionesha kuwa chini ya mawe kulikuwa na mifupa ya binadamu. Pamoja na mifupa kulikuwa na mabakuli yaliyochongwa kwa mawe ya volkano, shanga za mawe, na zana zenye makali zilizotengenezwa kwa obsidiani, yaani kioo cha asili kinachotokana na volkano. Vitu hivyo vinafanana na vile vilivyopatikana katika makaburi ya wafugaji wa kale kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya. Mfano ulio wazi zaidi ni Pango la Mto Njoro, karibu na Nakuru, lililochimbwa na familia ya Leakey mwaka 1938. Humo yalikutwa mabaki ya watu karibu 80 waliozikwa kwa kuchomwa moto miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Pamoja nao kulikuwa na mabakuli ya mawe, mawe ya kusagia na kutwangia, na idadi kubwa ya shanga.

Bakuli la jiwe si kitu cha kutengenezwa kwa siku moja. Fundi huanza na jiwe gumu la volkano, akaligonga na kulikwangua kwa jiwe jingine hadi tumbo la chombo lipatikane. Kumwekea marehemu chombo cha namna hiyo kaburini kulimaanisha kukiondoa katika matumizi ya walio hai moja kwa moja. Jamii iliyokubali gharama hiyo ilikuwa inatamka jambo kuhusu heshima ya mtu aliyeondoka.

Sanamu za wanyama za Turkana

Ikiwa makaburi ya Ngorongoro yanajulikana kwa mabakuli na shanga, makaburi makongwe zaidi ya wafugaji kaskazini mwa Kenya yanajulikana pia kwa sanamu za wanyama. Kuzunguka Ziwa Turkana kuna maeneo kadhaa ambako wafugaji wa kwanza wa Afrika Mashariki walijenga majukwaa ya mawe na udongo, wakasimamisha juu yake nguzo ndefu za mawe ya asili. Kwa Kiturkana, nguzo za namna hiyo huitwa namoratunga, na simulizi za wenyeji husema kuwa ni watu waliogeuka kuwa mawe.

Mojawapo ya maeneo hayo ni Jarigole, upande wa mashariki mwa ziwa. Uchimbaji ulioanza mwaka 1986 chini ya uongozi wa Charles Nelson uliibua mifupa ya binadamu, shanga za maganda ya mayai ya mbuni na za mawe ya rangi, na vipande vingi vya vyungu vilivyonakshiwa. Pamoja na hivyo zilipatikana sanamu ndogo za udongo uliochomwa. Baadhi zina umbo la ng'ombe na nyingine zina umbo la wanyamapori. Ni sanamu za kushikika mkononi, nyingi zikiwa zimevunjika, lakini pembe, nundu au kichwa kilichobaki humwezesha mtazamaji kumtambua mnyama aliyekusudiwa.

Eneo la pili ni Lothagam Kaskazini, upande wa magharibi mwa ziwa. Matokeo ya utafiti wake yalichapishwa mwaka 2018 na timu iliyoongozwa na Elisabeth Hildebrand. Hapo wafugaji walijenga jukwaa la duara lenye kipenyo cha takriban mita 30. Katikati yake waliondoa mchanga wa ufukwe katika eneo la takriban mita za mraba 120, kisha wakachimba mashimo ya kuzikia hadi ndani ya mwamba. Wataalamu wanakadiria kuwa watu wasiopungua 580 walizikwa humo, katika kipindi kilicho kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita.

Miongoni mwa vitu vilivyopatikana Lothagam Kaskazini ni vibao vya mawe vilivyochongwa kwa ustadi, baadhi vikiwa na umbo la mnyama. Kulikuwa pia na mapambo yaliyotokana na miili ya wanyama wenyewe: bangili za meno ya kiboko, na pambo la kichwa lililotengenezwa kwa mamia ya meno madogo ya panya wa jangwani. Shanga za mawe zilikuwa za rangi nyingi, zikiwemo za amazonaiti, jiwe lenye rangi kati ya kijani na buluu.

Jambo lililowashangaza watafiti ni kwamba mapambo hayo hayakuwa ya wachache. Wanaume na wanawake, wazee na watoto, walizikwa pamoja katika eneo moja, na takriban wote waliochunguzwa walikuwa na pambo la aina fulani. Hakukuonekana kaburi moja lililotengwa kwa mtawala au tajiri. Kwa muda mrefu wanahistoria walidhani kuwa majengo makubwa ya kumbukumbu hujengwa na jamii zenye wafalme na matabaka. Lothagam Kaskazini imetoa ushahidi kwamba wafugaji wasio na tabaka la watawala waliweza kushirikiana, kizazi baada ya kizazi, kujenga makaburi ya pamoja.

Kwa nini mnyama awekwe kaburini

Swali la kwa nini wafugaji wa kale waliweka sanamu za wanyama katika maziko yao halina jibu moja lililothibitishwa. Hata hivyo, mazingira ya zama zile yanatoa mwanga. Miaka ipatayo 5,000 iliyopita hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa ikigeuka. Mvua zilipungua na Ziwa Turkana likarudi nyuma, likiacha wazi maeneo makubwa ya ufukwe. Watu waliotegemea uvuvi na uwindaji walikutana na wageni wenye mifugo, na wote walilazimika kujifunza kuishi katika mazingira mapya.

Katika hali hiyo, ng'ombe hakuwa chakula tu. Alikuwa akiba ya wakati wa ukame, mahari, fidia ya kumaliza ugomvi, na kifungo cha urafiki kati ya familia zilizo mbali. Watafiti wa Lothagam wanaona kuwa makaburi ya pamoja yaliwapa watu hao mahali pa kukutana, kukumbushana undugu wao na kuimarisha ushirikiano. Kwa mtazamo huo, sanamu ya ng'ombe iliyowekwa karibu na wafu ilikuwa ishara ya kile kilichowaunganisha walio hai.

Sanamu za wanyamapori zinaongeza jambo jingine. Zinaonesha kuwa wafugaji wa kwanza hawakuacha kuutazama ulimwengu wa porini uliowazunguka. Walichinja, waliwinda, waliogopa na walistaajabu, kisha wakayaweka hayo katika udongo. Kwa mwananchi wa Endulen, anayechunga ng'ombe katika eneo moja na pundamilia, maisha ya namna hiyo si ngeni.

Alama ya mnyama kaburini inaonekana pia kwa namna nyingine katika eneo la Lokori, kusini mwa Turkana. Huko baadhi ya makaburi ya kale yamezungushiwa mawe yenye michoro, na watafiti waliofanya kazi hapo katika miaka ya 1970 waliifananisha michoro hiyo na alama ambazo wafugaji huwachoma ng'ombe wao ili kutambulisha ukoo.

Safari ya kuelekea kusini

Ufugaji ulienea kutoka kaskazini mwa Kenya kuja kusini kwa hatua. Katika Mkoa wa Manyara, eneo la Luxmanda limetoa ushahidi wa makazi ya wafugaji wa kale yenye umri wa miaka ipatayo 3,000. Ndani yake kumepatikana mifupa ya mifugo, vyungu na zana za obsidiani iliyotoka katika eneo la Naivasha nchini Kenya, umbali wa mamia ya kilomita. Mawe hayo yanathibitisha kuwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania walikuwa na mawasiliano mapana hata kabla ya barabara na masoko tunayoyajua.

Wilaya ya Karatu nayo ina nafasi yake katika historia hiyo. Pango la Gishimangeda, katika bonde la Ziwa Eyasi, ni miongoni mwa maeneo yaliyohusishwa katika utafiti mkubwa wa vinasaba vya kale uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science. Utafiti huo ulichunguza mabaki ya watu 41 kutoka Kenya na Tanzania. Ulibaini kuwa wafugaji wa kale walitokana na mchanganyiko wa watu wenye asili ya kaskazini-mashariki mwa Afrika na wawindaji waliokuwa wakiishi hapa tangu zamani, na kwamba mchanganyiko huo ulitokea kwa awamu zaidi ya moja.

Hapa upo ushahidi wa wazi wa faida ya makumbusho. Sehemu ya mifupa iliyotumika katika utafiti huo ilichimbwa miongo mingi kabla ya sayansi ya vinasaba vya kale kuwepo. Waliochimba hawakujua kuwa siku moja kipande kidogo cha mfupa kingeweza kueleza asili ya watu. Ilitosha kwamba mifupa hiyo ilifungwa vizuri, ikaandikwa ilikotoka na kutunzwa katika makumbusho. Kama ingetupwa au kuuzwa, maarifa hayo yasingepatikana.

Desturi zinazoendelea

Kuheshimu wafu kwa kujenga alama ya kudumu si jambo la zama za kale pekee. Wadatoga, ambao wengi wao leo wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi wilayani Karatu na katika Mkoa wa Manyara, wana desturi ya kumjengea mzee aliyeheshimika kaburi liitwalo bung'eda. Kwa desturi hiyo, kilima cha udongo huinuliwa juu ya kaburi kwa hatua, katika kipindi cha miezi kadhaa, na koo mbalimbali hushiriki ujenzi huo. Ng'ombe ana nafasi kubwa katika ibada hizo tangu mwanzo hadi sherehe ya kuhitimisha. Kabla ya Wamasai kuingia Ngorongoro katika karne ya 19, Wadatoga walikuwa miongoni mwa wakazi wa eneo la Kreta, na hadi leo wanalitambua kuwa mahali walipozikwa wazee wao.

Kwa upande wa Wamasai, desturi ya zamani haikuwa kumzika kila mtu. Maziko yaliwahusu zaidi watu wenye heshima ya pekee, wakiwemo viongozi wa kiroho wanaoitwa iloibonok. Juu ya kaburi yaliwekwa mawe, na kila mpita njia aliongeza jiwe lake kama ishara ya heshima, hivyo rundo likazidi kukua mwaka hadi mwaka.

Kwa sababu hizo, rundo la mawe katika nyanda za Ngorongoro linaweza kuwa na mwenyewe anayejulikana kwa jina la ukoo, au linaweza kuwa la jamii ambayo lugha yake haizungumzwi tena. Mtafiti anayefika katika eneo hili hana budi kuanza kwa kuwauliza wazee kabla ya kushika jembe.

Madhara ya kutokufanya hivyo yamekwisha kuonekana nchini. Katika Wilaya ya Hanang, upanuzi wa mashamba makubwa ya ngano katika miaka ya 1970 na 1980 ulisababisha baadhi ya makaburi ya bung'eda kulimwa kwa trekta. Kwa familia zilizohusika, hasara hiyo ilizidi kupotea kwa malisho, kwa kuwa kaburi ndilo lililokuwa ushahidi wa uhusiano wao na ardhi hiyo na mahali pa kutoa heshima kwa wazee wao.

Somo kutoka kwa majirani

Nchi jirani zimepitia changamoto ambazo Tanzania inaweza kujifunza kwazo. Kusini mwa Ethiopia, watu wa Konso huwachongea mashujaa wao sanamu za mbao ziitwazo waka. Katika kundi moja huweza kuwepo sanamu ya shujaa, wake zake, maadui aliowashinda na mnyama mkali aliyemuua, kama vile chui. Sanamu hizo zilipoanza kutafutwa na wanunuzi wa sanaa wa nje, nyingi ziliibwa kutoka makaburini. Hatua iliyochukuliwa ni kujenga makumbusho Konso kwenyewe, ili sanamu zilizookolewa zihifadhiwe karibu na watu wanaozijua. Mandhari ya kiutamaduni ya Konso iliandikishwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Katika pwani ya Kenya, Wagiriama na jamii nyingine za Wamijikenda husimamisha nguzo za mbao ziitwazo vigango kwa ajili ya kuwakumbuka wazee waliofariki. Kwa miongo kadhaa vigango viliibwa na kuuzwa, na vingi vikaishia katika makumbusho na nyumba za watu nchini Marekani. Ufuatiliaji wa watafiti na familia zilizoibiwa ulifanikisha baadhi kurejeshwa. Mwaka 2007 kigango kilichokuwa katika makumbusho ya Jimbo la Illinois kilirudi kwa familia yake, na mwaka 2019 vigango 30 vilirejeshwa Kenya kutoka makumbusho ya mjini Denver.

Mifano hiyo miwili inafundisha kwamba kitu cha kaburini kikishaondoka, safari ya kukirudisha ni ndefu na ya gharama. Familia iliyorejeshewa kigango mwaka 2007 ilikuwa imekisubiri kwa zaidi ya miaka 20.

Kazi ya makumbusho

Wapo wananchi wanaouliza kwa nini vitu vya wafu vihifadhiwe makumbusho badala ya kuachwa vilipo. Swali hilo ni la haki. Kanuni inayokubalika miongoni mwa wataalamu ni kuwa kaburi lisilo katika hatari liachwe kama lilivyo. Ufukuaji hufanyika pale penye sababu ya kisayansi iliyoidhinishwa, au pale ambapo mmomonyoko wa udongo, ujenzi au kilimo vingeliharibu kaburi hilo.

Kinapoletwa makumbusho, kitu hupewa namba na kuandikiwa taarifa zake: mahali kilipopatikana, kina cha udongo, upande kilikoelekea, na vitu vilivyokuwa pamoja nacho. Taarifa hizo zina thamani kuliko kitu chenyewe. Sanamu ya ng'ombe ya udongo isiyojulikana ilikotoka haina tofauti kubwa na ile ambayo mtoto mchungaji hufinyanga mtoni na kuiacha. Sanamu hiyo hiyo ikijulikana kuwa ilikutwa katika kaburi la pamoja, karibu na mifupa fulani na shanga fulani, huwa ushahidi wa imani, uchumi na uhusiano wa watu walioishi miaka 5,000 iliyopita.

Makumbusho pia hukinga vitu dhidi ya unyevu, wadudu na wizi, na huviweka tayari kwa mbinu mpya za utafiti. Kwa kuchunguza mafuta yaliyonyonywa na kuta za vyungu vya kale, ikiwa ni pamoja na vyungu vya Luxmanda, wataalamu wameweza kutambua mabaki ya maziwa, nyama na mimea iliyopikwa humo.

Wananchi wanaotaka kujifunza zaidi kuhusu historia ya binadamu nchini wanaweza kutembelea Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, Makumbusho ya Elimu Viumbe jijini Arusha, na Makumbusho ya Oldupai, ambayo jengo lake jipya lilifunguliwa mwaka 2017. Walimu wa shule za Karatu na Ngorongoro wana nafasi ya pekee, kwa kuwa wanafunzi wao wanaishi ndani ya historia hiyo hiyo inayosimuliwa katika vitabu.

Sheria inasemaje

Ulinzi wa malikale nchini unaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979. Sheria hiyo inalinda majengo, makaburi na miundo mingine iliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa kabla ya mwaka huo. Kuchimba kwa ajili ya kutafuta malikale kunahitaji leseni, na kuzitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Usimamizi wa sekta hiyo upo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Tanzania pia ni mwanachama wa Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za kiutamaduni.

Ndani ya eneo la Hifadhi, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, ina jukumu la kuunganisha uhifadhi wa maliasili, malikale na ustawi wa wananchi.

Mwananchi afanye nini

Mwananchi anapokutana na mifupa ya kale, bakuli la jiwe, shanga, kipande cha chungu chenye nakshi au sanamu ndogo, anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, asimamishe shughuli inayoendelea mahali hapo, iwe ni kuchimba msingi, mtaro, choo au shimo la mchanga.

Pili, asikiondoe kitu mahali kilipo wala kukisafisha. Udongo ulioshikamana nacho ni sehemu ya ushahidi, na kukiosha kunaweza kuondoa mabaki ambayo maabara ingeyahitaji.

Tatu, aweke alama ya kulitambua eneo, na apige picha ikiwa ana simu, huku akiweka karibu kitu kinachojulikana ukubwa wake, kama vile sarafu au kiberiti.

Nne, atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kijiji au kata, ofisi ya utamaduni ya Halmashauri, au ofisi ya Mamlaka ya Hifadhi iliyo karibu, ili taarifa hiyo iwafikie wataalamu wa mambo ya kale.

Tano, asinunue wala kuuza kitu cha namna hiyo, na atoe taarifa anapoona mtu akitafuta vitu hivyo kwa ajili ya biashara. Mnunuzi wa kwanza ndiye anayefungua njia ya makaburi mengine kufukuliwa.

Sita, awashirikishe wazee. Mara nyingi wao ndio wanaojua kama mahali hapo ni kaburi la ukoo fulani, au ni mahali ambapo hata babu zao walipakuta vivyo hivyo.

Viongozi wa vijiji nao wanakumbushwa kuyaingiza maeneo yenye makaburi ya kale katika mipango ya matumizi ya ardhi, kama wanavyoingiza vyanzo vya maji na njia za mifugo. Eneo lililotambuliwa mapema katika ramani ya kijiji huokoa gharama na migogoro wakati wa kupanga barabara, shule au zahanati.

Wafugaji waliofinyanga ng'ombe wa udongo kando ya Ziwa Turkana, na wale waliochonga mabakuli ya mawe kwa ajili ya wafu wao katika Kreta ya Ngorongoro, hawakuacha majina. Kilichobaki ni kazi ya mikono yao, ikiwa mahali walipoiweka. Kila rundo la mawe linaloachwa salama Endulen, Karatu na kwingineko nchini linawapa watoto wa leo nafasi ya kuja kuwafahamu watu hao zaidi ya tunavyowafahamu sisi.